Aliyezaliwa Kakuma ni mtu wa wapi?

Juni 13, 2022, mjini Al Rayyan, Qatar, Australia na Peru zilimaliza dakika 120 bila bao, na tiketi ya Kombe la Dunia ikabaki kuamuliwa kwa penalti. Mpigaji wa sita wa Australia alikuwa Awer Mabil. Akafunga. Kipa wao akaudaka mkwaju uliofuata wa Peru, na Australia ikafuzu. Mwaka 2023 taifa hilo likamtunuku Mabil heshima ya Kijana Bora wa Mwaka. Kijana huyo alizaliwa mwaka 1995 Kakuma, Kaunti ya Turkana, na wazazi wake walikuwa wamekimbia vita vya kusini mwa Sudan. Alijifunza mpira pekupeku kwenye vumbi letu, mpaka mwaka 2006 familia yake ilipopelekwa Adelaide.

Halima Aden naye ni mzaliwa wa Kakuma, mwaka 1997, mwana wa familia ya Kisomali. Mwaka 2016 alipanda jukwaa la Miss Minnesota USA akiwa na hijabu yake kichwani, jambo ambalo hakuna aliyelifanya pale kabla yake, na baadaye picha zake zikapamba majarida makubwa ya mitindo duniani. Tunapenda kuwataja hawa wawili. Tunasema ni watoto wa Kakuma na tunaona fahari. Lakini mmoja ni raia wa Australia na mwingine ni raia wa Marekani, na wote wawili walilazimika kuondoka Kenya ili wawe raia wa nchi yoyote ile.

Fikiria kama wangebaki. Mabil angekuwa mtu mzima wa miaka thelathini, baba wa watoto pengine, akiwa na kitambulisho cha mkimbizi mfukoni. Ili afike Lodwar, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, angeomba kibali cha kutoka kambini na kueleza anakwenda kufanya nini na atarudi lini. Angekuwa mwalimu wa shule ya kambini, angelipwa insentivu, posho ambayo ni sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mkenya anayefundisha darasa la jirani. Na watoto wake, kizazi cha pili kuzaliwa Turkana, wangeandikwa wakimbizi kutoka nchi ambayo baba yao hajapata kuishi. Maelfu ya wenzake waliozaliwa pale miaka ileile wanaishi hivyo leo.

Huo ndio ubaya ninaotaka kuuzungumzia, na nauita ubaya kwa makusudi. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, walipowasili vijana wa Sudan waliokuwa wamefukuzwa na vita kutoka kambi za Ethiopia, wengi wao wakiwa watoto wasio na wazazi. Leo Kakuma na makazi ya Kalobeyei yana watu takriban 300,000: Wasudan Kusini, Wasomali, Wakongomani, Waethiopia, Warundi na wengineo. Jambo lililokusudiwa kuwa la muda limezeeka. Kumbe sheria bado inawahesabu watu hawa kana kwamba wameshuka kwenye lori jana jioni.

Katiba ya 2010 haikufunga mlango. Ibara ya 15 inasema aliyeishi nchini kihalali kwa miaka saba mfululizo anaweza kuomba kusajiliwa kuwa raia, akitimiza masharti ya sheria. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 imeyataja masharti hayo, na mojawapo ni kuelewa na kuzungumza Kiswahili au lugha nyingine ya humu nchini. Kwa sharti hilo Kakuma ingefaulu vizuri kuliko mitaa mingi ya Nairobi. Wakongomani walikuja nacho kutoka Uvira na Bukavu. Watoto wa mataifa mengine wanakisoma darasani kwa mtaala wa Kenya na wanafanya mitihani ya Kenya. Msomali akimuuzia Mnuer sukari, au mama wa Kiturkana akipatana bei ya gunia la makaa na Mrundi, lugha inayowakutanisha mara nyingi ni hii tunayoisoma hapa. Lakini sheria inataka pia ukaazi wa kibali, na kivitendo karatasi ya mkimbizi haipokelewi kama kibali cha namna hiyo. Kwa hiyo miaka thelathini ya Kakuma inahesabiwa sifuri.

Nikilizungumza jambo hili kuna jibu ninalolisikia haraka: Kenya ni ya wenyewe. Basi tuwaangalie hao wenyewe.

Laga ya Tarach inapita Kakuma penyewe. Miezi mingi ni mchanga mtupu, na akina mama huchimba visima humo kutafuta maji; mvua ikinyesha milimani, mto unashuka kwa ghadhabu na kubomoa nyumba za wenyeji na za wakimbizi bila kubagua. Ukiufuata kwenda juu, unaelekea kwenye miinuko ya mpaka wa Uganda, na huko juu kuna kilima kiitwacho Moru Anayece. Masimulizi ya Waturkana yanasema kwamba vijana kutoka nchi ya Wajie, Karamoja, walishuka bondeni wakifuata nyayo za fahali aliyepotea, wakamkuta bibi kizee aitwaye Nayece akiokota matunda ya porini. Naye alikuwa ametoka kwa Wajie. Katika baadhi ya masimulizi ni njaa iliyomtoa kwao. Aliwaonyesha bonde lilivyo na malisho, wakarudi kuwaita wenzao na mifugo yao, na kutoka hapo likaanza taifa la Waturkana. Kilima kinabeba jina la mwanamke huyo mpaka leo, na Wajie nao wanamkumbuka.

Sitaji kisa hiki ili kumnyang'anya Mturkana ardhi yake. Ameishi humo karne nyingi, ameijua kila chemchemi, ameilipia kwa ukame na kwa vita. Nakitaja kwa sababu hakuna taifa Kenya linaloeleza asili yake waziwazi kuliko hivi: mtu mwenye njaa alishuka Tarach akitafuta pa kuishi, akapata, akawaita wenzake. Kila mwaka, Lodwar inapoandaa tamasha la Tobong'u Lore, Wajie, Wakarimojong, Watoposa na Wanyangatom wanavuka mipaka mitatu kuja kusherehekea na ndugu zao. Mipaka hiyo ni mipya kuliko undugu wenyewe. Mpaka mwaka 1926 sehemu kubwa ya Turkana, upande huu wa Kakuma ukiwamo, ilikuwa chini ya utawala wa Uganda. London ilihamisha mstari, na wachungaji wa Tarach wakaamka ni watu wa Koloni la Kenya. Kutoka siku hiyo hadi kambi kufunguliwa ni miaka 66 tu.

Kwingine nchini mambo ni hayo kwa hayo. Wajaluo walishuka kutoka Bahr el Ghazal, na baadhi ya Wadinka wa Kakuma wametoka upande huohuo. Vibarua takriban 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ya Uganda, na waliobaki na waliowafuata wakafungua maduka mpaka vijijini. Wanubi wa Kibera waliletwa kama askari. Wamakonde walivuka kutoka Msumbiji kukata mkonge na miwa Kwale, wakakaa vizazi bila hati yoyote, mpaka Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai vitambulisho, wakapewa. Washona, waliokuja na kanisa lao kutoka kusini mwa Afrika, walitambuliwa siku ya Jamhuri mwaka 2020. Wapemba wa pwani wakafuata Julai 2023. Kila mara kulikuwa na watu waliotutisha kwamba nchi itafurika. Haikufurika. Wavuvi wa Kipemba waliendelea kuvua, ila sasa wanaweza kusajili laini ya simu na kufungua akaunti ya benki.

Sasa naomba nikae kwa Waturkana, kwa sababu mtu anayeitetea haki ya mkimbizi bila kumsikiliza mwenyeji wa Kakuma anazungumza nusu ya jambo.

Malalamiko ya Turkana ni ya kweli. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 uliweka wazi kwamba fedha za maendeleo ziende kwenye maeneo yenye rutuba na mvua, ambako zitazaa zaidi. Kaskazini ikaachwa isubiri. Mkoloni alikuwa ameifunga wilaya hii, huingii wala hutoki bila ruhusa, na alipotaka kumtenga Jomo Kenyatta na watu wake alimpeleka Lokitaung, kisha Lodwar. Baada ya uhuru, kufungwa kwa amri kuliondolewa hatimaye, na kufungwa kwa umaskini kukabaki. Ndiyo maana Waturkana wengi walizoea kusema, wanapopanda gari la Kitale, kwamba wanakwenda Kenya. Takwimu za serikali za mwaka 2015/16 zilionyesha karibu watu 8 kati ya 10 wa kaunti hii wakiishi chini ya mstari wa umaskini, hali mbaya kuliko kaunti nyingine yoyote.

Katikati ya hali hiyo, mwaka 1992, yakaja malori ya chakula. Kambi ikachimbiwa visima, ikajengewa shule na hospitali, na nje ya kambi mchungaji aliyepoteza mbuzi wake kwa ukame akawa anatazama. Hakuna aliyemuuliza kama anakubali. Misitu midogo ya kando ya laga ikakatwa kuni. Kukatokea wizi, kukatokea mapigano, watu wakafa pande zote mbili. Kazi nzuri za mashirika zikaenda kwa waliosoma Nairobi, na kijana wa Kakuma akaambiwa awe mlinzi wa lango. Mtu akiniambia kwamba haki haikutendeka, nitamwambia yuko sawa kabisa.

Ila haki hiyo ilinyimwa na nani? Mkimbizi hakuandika ule Waraka Nambari 10. Hakuamua nani aajiriwe, wala barabara ya Lodwar iachwe mashimo miaka yote ile. Malalamiko haya yana anwani, na anwani hiyo iko Nairobi, kwa waliotawala nchi tangu 1963, na kwa miaka ya karibuni iko pia Lodwar, makao ya kaunti inayopokea mgao wa ugatuzi tangu 2013. Mwanasiasa anayempelekea mkimbizi deni hili anamkinga mdaiwa halisi.

Tena kuna ushahidi wa nini wakimbizi wameifanyia Turkana. Utafiti wa Benki ya Dunia na UNHCR uliotolewa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kuwapo kwao kumeongeza pato la eneo hilo kwa zaidi ya asilimia 3, na ajira kwa karibu kiwango hichohicho. Miaka miwili baadaye IFC, shirika la kundi la Benki ya Dunia, lilikadiria soko la Kakuma, kambi na mji pamoja, kuwa la dola milioni 56 kwa mwaka, lenye biashara zaidi ya 2,000. Ukitembea kwenye maduka ya Wahabeshi na ya Wasomali unayaona makadirio hayo kwa macho: unga kwa magunia, simu, vitambaa, jenereta zinazouza umeme nyumba kwa nyumba. Mturkana anayefuga mbuzi ana soko la nyama mlangoni ambalo babu yake hakuwa nalo.

Faida hiyo haikugawika sawasawa, najua. Mwenye ng'ombe na mbuzi alinufaika kuliko asiye na kitu. Msichana wa Kiturkana anayeteka maji kwenye nyumba ya mfanyabiashara kambini hulipwa kidogo mno, na jambo hilo linanichoma kama ninavyochomwa na insentivu ya mwalimu mkimbizi. Hao wawili wana dhiki moja. Wote wanauza jasho kwenye mahali ambapo sheria haijawasimamia.

Mwaka 2025 ulilionyesha hilo kwa namna ya kikatili. Misaada ya nje ilipokatwa, Mpango wa Chakula Duniani ulishusha mgao mpaka asilimia 28 ya kiwango kinachohitajika, kisha wakimbizi wakapangwa makundi manne kwa kipimo cha uhitaji, na wengine wakaachwa bila kitu. Kulikuwa na maandamano. Lakini walioumia si wao peke yao. Mama anayebeba kuni kichwani kutoka porini kuja kuzibadilisha kwa unga alikuta hakuna unga. Mwenye duka aliyekopesha familia hamsini hakulipwa. Ikiwa njaa ya kambi inaingia moja kwa moja kwenye boma la mchungaji, basi hawa watu tayari ni jamii moja, hata kama sheria inawagawa.

Mwaka huohuo, Januari, Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi. Wapo Kakuma waliokuwa wamemaliza mahojiano na uchunguzi wa miaka, tiketi zimeshatolewa, safari ikafutwa. Marekani iliyowachukua maelfu ya wale vijana wa Sudan mwanzoni mwa miaka ya 2000, nchi ambayo karibu kila mtu wake ana babu aliyeshuka melini, iliamua kwamba mlango umetosha. Nililia kwa hasira, na bado nina hasira. Hata hivyo hasira hiyo hainipi ruhusa ya kulisahau la kwetu: Marekani imefunga mlango ambao sisi hatujawahi kuufungua.

Ingawa zamani tulikuwa na desturi nyingine. Wakati wa Idi Amin na baada yake, Waganda walikimbilia Kenya kwa maelfu, na hakuna aliyewapeleka jangwani. Waliishi mijini, wakaajiriwa, na wengi walifundisha kwenye shule zetu za sekondari. Wakenya wenye umri wa miaka hamsini na zaidi wanaweza kuwataja walimu wao wa Kiganda wa hesabu na Kiingereza. Kambi zilikuja kuwa sera kuanzia 1991, watu walipofika kwa wingi kutoka Somalia, Ethiopia na Sudan. Tulibadilika kwa hofu, kisha tukaizoea hofu mpaka tukaiona ni busara.

Jirani zetu wametenda makubwa zaidi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Tanzania katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walilima mpaka wakawa wanalisha mikoa mingine. Baadaye serikali ya Tanzania ilikubali kuwapa uraia watu zaidi ya 162,000 miongoni mwao, na kuanzia 2014 wakaanza kukabidhiwa vyeti vyao. Tanzania si tajiri kuliko sisi, na mambo hayakwenda bila mivutano. Lakini ilikubali kwamba mtu aliyelima shamba lilelile miaka arobaini amekuwa wa hapo.

Tuna methali inayosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wapo wanaoitumia kuwasimanga wakimbizi kwamba wanakula bure. Wanaosema hivyo wanajua kwamba sheria ndiyo iliyolificha jembe? Kazi inataka kibali ambacho wachache mno hukipata. Safari ya kununua bidhaa Kitale inataka kibali kingine. Waturkana wenyewe wana desturi iliyo bora: kwao urafiki na mtu wa mbali hufungwa kwa mnyama. Unampa mbuzi au ngamia leo, na ukame ukikupiga mwakani unamwendea bila aibu. Mgeni anaingia kwenye hesabu ya mifugo, na akishaingia huko ana wajibu na ana haki. Ni utaratibu wa kumfanya mtu kuwa wenu, na ulikuwapo kabla ya ofisi yoyote ya uhamiaji.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilianza kuelekea huko. Kalobeyei, iliyofunguliwa 2016, ilipangwa tangu mwanzo ili mkimbizi na mwenyeji wasome shule moja na kutibiwa hospitali moja. Machi 2025 Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi yanayosimamiwa na kaunti. Nauunga mkono, kwa tahadhari mbili. Kwanza, Turkana isigeuzwe mahali pa kumalizia tatizo la dunia. Ardhi ya jamii isajiliwe kwa jina la jamii chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 kabla ya ekari nyingine kugawiwa mtu yeyote, na kazi za mpango huu zitangazwe Kakuma na zijazwe kwanza na wanaoishi Kakuma. Pili, mpango unaosema ushirikiano huku ukinyamazia uraia unamwomba mtu ajenge nyumba ya mawe kwenye kiwanja ambacho anaweza kuamriwa kukiacha. Na amri hizo tumeziona: Machi 2021 serikali ilitoa siku 14 tu za kupatikana mpango wa kufunga kambi za Dadaab na Kakuma.

Wanaotaja usalama nawajibu kwa ufupi. Mtu mwenye kitambulisho, namba ya kodi na anwani anajulikana. Aliyefichwa nyuma ya uzio na kulazimishwa kutoa hongo barabarani ili afike mjini ndiye asiyejulikana.

Najua pia kwamba watu 300,000 hawatapewa uraia kwa siku moja, wala si wote wanaoutaka. Wako wanaosubiri tu Juba au Mogadishu itulie warudi kwao, na hiyo ni haki yao. Tuanze na waliozaliwa hapa. Msajili wa vizazi wa serikali ya Kenya tayari anawaandikia watoto hawa vyeti vya kuzaliwa, na mahali pa kuzaliwa panaandikwa Turkana. Bunge lirekebishe Sheria ya 2011 ili aliyezaliwa nchini, akasoma nchini, akafikisha miaka 18 bila kuondoka, ahesabiwe miaka yake yote kuwa ukaazi halali na aruhusiwe kuomba uraia katika ofisi ya Kakuma, pasipo kutumwa Nairobi kwa kibali. Wabunge wa Turkana waushike muswada huo wao wenyewe, wauambatanishe na madai ya ardhi na ajira ya watu wao, na wauwasilishe kabla ya uchaguzi wa 2027.